Maswali Yenu kwa Fundi Umeme: Taa za Krismasi za Nje na Uniti Zinazokwisha Mapema

Barua zilizofika mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, inafaa kutundika taa za Krismasi nje ya nyumba katika wakati huu ambapo bei ya kila kitu imepanda, na uniti za umeme zinakwisha kabla mwezi haujafika katikati? Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu hesabu zake zinamhusu kila mwenye mita nyumbani, awe anasherehekea Krismasi au hasherehekei.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Machui. Kila mwaka tunatundika taa kwenye ukuta wa baraza na kuuzungushia mwembe ulio mbele ya nyumba, kuanzia Desemba 1 hadi Januari 6, sikukuu ya Epifania. Mwaka huu kazi ya baba watoto imepungua sana, naye amesema taa zisitundikwe kabisa, kwani mwaka jana tulikuwa tunanunua umeme leo na keshokutwa tunanunua tena. Watoto wamenuna na mimi mwenyewe roho inaniuma. Taa zetu ni balbu za rangi 40, zile kubwa zinazopata moto ukizishika. Tulikuwa tunaziacha ziwake mpaka asubuhi ili nje kuwe na mwanga. Tafadhali tuamulie. (Mama wa watoto wanne, Machui)

JIBU: Milele na milele, Mama. Baba watoto hakukosea kuziogopa taa hizo, lakini sidhani kwamba dawa yake ni giza, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Balbu ya rangi yenye uzi ndani, ya ukubwa huo unaoueleza, hula wati 5 hadi 7. Tuchukue 5 ili tusizidishe. Balbu 40 ni wati 200. Kuanzia saa 12 na nusu jioni hadi saa 12 asubuhi ni saa 11 na nusu, kwa hiyo kila usiku zilikuwa zinakula wati 200 mara saa 11 na nusu, yaani uniti 2.3, kwa kuwa uniti 1 ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa 1. Kutoka Desemba 1 hadi Januari 6 ni usiku 37. Jumla yake ni uniti 85. Chukua risiti yako ya mwisho ya TUKUZA (umeme wetu wa Zanzibar wa kulipia kabla), gawa fedha uliyolipa kwa idadi ya uniti ulizopata, kisha zidisha kwa 85, na hapo utaiona kwa shilingi ile hofu ya mumeo.

Joto unalolihisi mkononi ndilo lililokuwa likiwamaliza. Katika balbu yenye uzi, zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za umeme unaoingia hutoka kama joto, na kinachobaki ndicho mwanga. Mlikuwa mnaupasha moto mwembe.

Sasa tufanye hesabu hiyohiyo kwa taa za LED, hizi ndogo ambazo wengi wetu tunaziita vimulimuli. Uzi mmoja wenye taa 100 hula wati 5 au 6 hivi kwa taa zote 100 pamoja. Nyuzi 3 zinatosha baraza na shina la mwembe, na hizo ni wati 18. Zikiwaka kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5, wakati ambapo majirani bado wanapita na watoto bado wako macho, zitakula sehemu 72 kati ya 1,000 za uniti kwa usiku mmoja, na kwa siku zote 37 hazifiki hata uniti 3. Kuhusu mwanga wa kulinda nyumba, weka balbu moja ya LED ya wati 5 juu ya mlango, iwake mpaka asubuhi. Nayo itakula uniti 2 na kidogo kwa muda wote huo. Kwa hiyo badala ya 85 mnatumia 5, na sikukuu ipo palepale.

Nakuomba pia usizitoe zile balbu za zamani kwa mtu mwingine kama zawadi. Mzigo uliokulemea wewe usimhamishie mwenzako.

Hata hivyo, Mama, nikiishia hapo nitakuwa sijakusaidia ipasavyo. Umesema uniti zilikuwa zinakwisha ndani ya siku mbili, na balbu zile, pamoja na ulafi wake wote, haziwezi peke yake kufanya hivyo. Kuna kitu kingine ndani ya nyumba. Kukitafuta hakuhitaji fundi wala chombo cha kupimia, kwa sababu chombo unacho tayari ukutani. Itazame mita yako kwa karibu: ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa hicho kikipepesa mara 1,000, uniti 1 imekwenda. Zima kila kitu, kisha washa kifaa kimoja kimoja na uhesabu kwa saa yako ya mkononi. Ikiwa mita ni ya 1,000, kupepesa mara 10 kwa dakika 1 ni sawa na wati 600. Mita nyingine zina namba tofauti, kwa hiyo soma kwanza iliyoandikwa kwenye yako.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nyumbani mwaka juzi, usiku mmoja baada ya wote kulala. Nilizima taa, feni, televisheni na chaja za simu, nikasimama mbele ya mita na tochi. Kitaa kikaendelea kupepesa, mara 5 katika kila dakika 2, bila kupumzika, kwa nusu saa nzima niliyosimama pale. Hizo ni wati 150, na kifaa kilichobaki kikiwaka kilikuwa kimoja tu, friji la jikoni. Nikachukua kipande cha risiti, nikakibana kwenye mlango wa friji na kukivuta. Kilitoka bila kukwama popote. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka pale chini kwenye pembe, mahali ambapo mtu haoni mpaka apige magoti, na ubaridi ulikuwa ukivuja hapo mchana na usiku. Wati 150 zisizopumzika ni uniti 3.6 kwa siku. Kwa siku zako 37, hizo ni uniti 133, ambazo ni nyingi kuliko balbu zako zote 40 zikiwaka mpaka asubuhi. Na mimi ni fundi wa umeme! Niliona haya, lakini nilibadilisha mpira, nikalisogeza friji mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate njia ya kutoka, na tangu siku hiyo nalisikia likizima na kuwaka, kama inavyotakiwa.

Anzia hapo, Mama. Kisha tazama birika la umeme. Kuchemsha birika lililojaa, la lita 1.7, kunakula karibu sehemu 15 katika 100 za uniti, na hicho ni kiasi cha vimulimuli vyako vyote kwa usiku 2. Ukichemsha birika zima kwa ajili ya vikombe viwili vya chai, na mwingine akija baada ya saa moja akachemsha tena, taa za sikukuu zimekwisha kulipiwa na kumwagwa. Chemsha mara moja asubuhi, utie kwenye chupa ya chai. Pasi nayo haipendi kuwashwa kila asubuhi kwa shati moja. Piga nguo za wiki nzima kwa mkupuo, na zile nyepesi uziache mwisho, uzinyooshe kwa joto linalobaki baada ya kuizima.

Mwambie baba watoto kwamba nimemuunga mkono kuhusu balbu za zamani, na kwamba namwomba awaruhusu watoto watundike zile mpya. Swichi akae nayo yeye.

SWALI: Fundi, salamu. Nimenunua Darajani, kwenye vitu vya mitumba, boksi la taa za Krismasi ambazo hazijawahi kutumika. Zimetoka Marekani, ni nzuri mno, na bei yake ilikuwa ndogo. Plagi yake ina meno mawili bapa, na kwenye karatasi pameandikwa 120V. Rafiki yangu anasema nikate plagi tu nifunge ya kwetu. Nifanye hivyo? (Kijana wa Jang'ombe)

JIBU: Usifanye, mwanangu. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na wa Marekani ni volti 120. Kubadilisha plagi hakubadilishi kilichomo ndani ya waya. Kama ni zile balbu ndogo zenye uzi, kwa kawaida 50 hupangwa moja baada ya nyingine, kila moja ikipokea volti 2.4 tu, ukizichomeka hapa, kila moja itapokea karibu mara 2 ya hizo, na joto lake litapanda mno. Ukiwa na bahati, zitawaka kwa mwanga mkali sana na kukatika hapohapo. Ukikosa bahati, utayeyuka mpira wa waya ukiwa umegusana na pazia au makuti.

Wapo mafundi watakaokwambia uunganishe nyuzi mbili za aina hiyo moja baada ya nyingine ili zigawane volti 230. Kwa hesabu inaingia akilini, lakini hugawana sawasawa ikiwa tu zinalingana kabisa, na waya na viungo vyake havikutengenezwa kwa volti zetu. Siwezi kumshauri mtu atundike kitu kama hicho mahali ambapo mtoto atakifikia. Transfoma ya kushusha umeme ipo madukani, ila bei yake inazidi ya uzi mpya wa LED ulioandikwa 220-240V, ambao ndio ninaokusihi ununue.

Kwa kuwa umeigusa Marekani, nikuongezee jambo linalohusu saa za kuwasha. Taa za umeme za Krismasi zilianzia New York mwaka 1882, pale Edward H. Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipouzungushia mti wa nyumbani kwake balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Mji ule mwezi wa Desemba jua huzama karibu na saa 10 na nusu jioni, kwa hiyo taa huwashwa watu wakiwa bado kazini. Kwetu jua linazama karibu na saa 12 na dakika 40. Ninaona nyumba nyingi mjini zinazowasha vimulimuli saa 10 jioni, jua likiwa bado linachoma macho na hakuna anayeviona. Ngojeni magharibi ipite.

SWALI: Assalamu aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli, nipo Wete. Jirani yangu Mkristo na mimi tulinunua taa za sola za aina moja, yeye kwa Krismasi na mimi kwa harusi ya binti yangu itakayofanyika Januari. Wiki ya kwanza ziliwaka usiku kucha, na sasa haziwaki kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Tumepunjwa? (Mwalimu, Wete)

JIBU: Waaleikumu ssalam, Mwalimu. Huenda hamkupunjwa. Taa hizo zina betri ndogo ya volti 1.2, mara nyingi moja tu, na uwezo wake ni mdogo kiasi kwamba siku moja ya mawingu inatosha kuinyima chakula. Desemba mvua za vuli huwa bado hazijaisha vizuri, hivyo zipeni siku 2 za jua kamili swichi ikiwa imezimwa, kabla ya kuzihukumu.

La pili ni upande wa paneli. Watu wengi huilaza tu, au huielekeza popote panapopendeza. Wete iko digrii 5 kusini mwa ikweta, na mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halipiti utosini bali huinamia kusini kwa digrii 18 hivi. Inamisheni paneli kidogo kuelekea kusini, na hakikisheni hakuna kivuli kinachoiangukia, hata cha kuti moja la mnazi, kwa sababu vipande vya paneli vimeunganishwa kama mnyororo na kimoja kikifunikwa vingine vyote hudhoofika pamoja nacho.

La tatu ni chumvi. Pitisha kidole juu ya paneli yako sasa hivi, Mwalimu, kisha kionje. Upepo wa bahari huacha utando mwembamba usioonekana, na vumbi hushikamana nao. Ifute kila wiki kwa kitambaa laini na maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi. Betri ikiwa imechoka kweli, nunua ya kuchajika ya volti 1.2 ya aina ileile. Usitie betri ya kawaida ya redio, kwa kuwa haikutengenezwa kuchajiwa na inaweza kuvuja au kupasuka.

Nimefurahi kusikia kwamba mmenunua za sola. Kisiwa chenu cha Pemba kilitegemea jenereta za dizeli mpaka kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipofika mwaka 2010, na wazee wa huko hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba umeme ni wa kuhesabiwa.

SWALI: Fundi, mimi ni bibi wa makamo, Muislamu, ninaishi Mpendae. Jirani yangu ni mama wa Kikristo, mjane, na tumeishi ukuta kwa ukuta miaka 20. Mwaka huu hana uwezo, na mita yake mara nyingi haina kitu. Nataka nimpe umeme wa kuwashia taa zake za Krismasi kutoka kwangu, kwa waya utakaopita juu ya ukuta. Mwanangu anasema nitafilisika, na tena ni hatari. (Bibi wa Mpendae)

JIBU: Bibi, Mungu akuzidishie. Kuhusu kufilisika, mwonyeshe mwanao hesabu niliyomfanyia Mama wa Machui: nyuzi 3 za LED kwa saa 4 kila usiku hazifiki uniti 3 kwa sikukuu nzima. Hakikisha tu kwamba ni za LED, na kwamba waya huo unawasha taa pekee, hauendi kwenye friji wala pasi.

Kuhusu hatari, mwanao ana haki, na hapa ninaomba unisikilize kwa makini kwa sababu nimeyaona mwenyewe. Wakati kebo ya umeme ya Unguja ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Krismasi ile ilisaliwa kwa mishumaa na karabai, pampu za maji zilisimama, na aliyekuwa na jenereta aliwatolea majirani waya kama unavyotaka kufanya wewe. Ulikuwa wema mkubwa. Lakini nilikwenda nyumba moja ambako waya wa namna hiyo ulipitishwa chini ya ukingo wa bati, na kila upepo ulipovuma bati liliukwaruza kidogo. Siku ya tatu mpira ukachanika. Bati lote la uani likawa na umeme, na mtoto aliyeegemea nguzo ya chuma chini yake alirushwa hatua mbili. Alipona. Nilipoukagua waya ule, mkato wenyewe ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na shaba ya ndani ilikuwa imeanza kuota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi.

Kwa hiyo nunua kebo nzima ya nje, yenye mpira mzito na nyaya 3 ndani, isiyo na kiungo chochote njiani. Viungo vya kufungwa kwa tepu havifai nje, mvua huingia usiku mmoja. Juu ya ukuta upitishe ndani ya bomba la plastiki, mbali na bati na misumari. Taa zenyewe ziwe zimeandikwa IP44 au zaidi, maana herufi na namba hizo ndizo zinazoeleza kwamba zinastahimili kurushiwa maji. Kwa nyumba za karibu na pwani mimi hupendelea IP65. Sehemu ya kuchomekea ibaki ndani, kwako.

Kisha fungua boksi la swichi kuu na utafute swichi yenye kitufe kilichoandikwa herufi T. Hiyo ndiyo inayokata umeme mtu anapopigwa na shoti, na iliyo sahihi huandikwa 30 mA. Bonyeza kitufe hicho: umeme wa nyumba ukikatika papo hapo, swichi ni nzima na unaweza kuendelea. Usipokatika, au kama huna swichi hiyo kabisa, usitoe waya kwa jirani mpaka fundi aliyesajiliwa aifunge. Hata bila Krismasi ungeihitaji.

Mwalike jirani yako aje mchana, kukiwa kukavu, mtundike pamoja na mjaribu kabla ya usiku. Na mkubaliane nani atazima saa 5, kwa kuwa yeye atakuwa anazitazama kutoka nje na wewe ndiye mwenye swichi ndani.